Nilimwambia Apake Rangi ya Kucha

Wengi mmenitumia ujumbe wiki hii. Mmoja kaniandikia, "Dada, samehe, wifi ni ndugu." Mwingine kanitaka nimwachie Mungu. Mwingine, mwenye roho kama yangu, kaandika neno moja tu: "Mmalize."

Nimezisoma zote. Za kusamehe nimezifuta.

Kwa wewe uliyechelewa kuingia, nikuweke sawa upesi. Mimi natengeneza mapambo na vito kwa udongo wa plastiki. Si udongo wa mtoni. Huu unauzwa vipande vipande vya kila rangi, laini kama donge la unga. Unaufinyanga, unauoka kwenye oveni ya kawaida, unatoka mgumu. Natengeneza hereni, mikufu, bangili. Mwaka ukikaribia kwisha natengeneza mapambo ya kuning'iniza madirishani: nyota, majani, na ndege wadogo waliokunja mbawa.

Ndege ndio jina langu mjini. Au ndio lingekuwa jina langu.

Nilimfundisha wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilimfundisha mezani kwangu, kwa oveni yangu, chai yangu ikimpoza koo. Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyopita mbele ya duka kubwa la zawadi nikawakuta ndege wangu dirishani, na kikadi chini yao chenye jina la wifi. Aliwabeba kwenye boksi la viatu siku ile niliyompeleka mama mkwe kliniki. Mama yake mwenyewe! Mimi namshika mama yake mkono kwenye foleni, yeye ananisombea kabati.

Niliingia dukani nikasema ukweli. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mama Vioo kwa jinsi duka lake lilivyojaa vioo, akaniambia wivu ni ugonjwa.

Nikarudi nyumbani nikamlilia mume wangu. Yeye nimeshawapa jina lake: Bwana Yaishe.

"Yaishe, mke wangu," akasema. "Kwani nyie si chungu kimoja?"

Chungu kimoja, sawa. Ila anayepakua ni mmoja.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Boksi la viatu halina kina. Ndege wangu wakauzwa wakaisha, na Mama Vioo akataka wengine. Wifi akakaa chini kutengeneza wa kwake. Baada ya siku chache nikasikia hodi.

"Hodi, hodi, wifi yangu kipenzi!"

Ng'ombe akivunjika mguu malishoni hujikokota zizini. Nikamkaribisha.

Mama mkwe alikuwa pale pale sebuleni, kwenye kochi lake karibu na dirisha, anashona kifungo cha shati la mwanawe. Tunaishi naye. Wifi alimbusu mama yake, akavuta kiti, akatoa ndege mmoja kwenye mkoba.

"Wifi, nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Mama Vioo kanikalia kooni. Anasema hawa wa sasa wamepauka. Anataka wanaong'aa kama wale wa kwanza."

Wale wa kwanza. Alilitamka hilo mbele yangu bila kupepesa jicho.

"Kwani wale wa kwanza uliwang'arisha vipi?" nikamuuliza.

Sindano ya mama mkwe ikasimama hewani. Wifi akacheka kile kicheko chake cha kuziba mashimo.

"Aa, wifi nawe! Tusifukue makaburi. Nisaidie tu mwenzio."

Nikamchukua ndege wake. Umbo si baya, mkono anao. Lakini alikuwa amefifia kama biskuti iliyosahaulika nje ya pakti.

Siri ya kung'aa si siri. Ni kazi. Ndege akitoka kwenye oveni na kupoa, unamsugua kwa msasa ndani ya maji. Kwanza msasa unaokwaruza kidogo, halafu laini, halafu laini zaidi. Kisha unamfikicha kwa kipande cha jinzi kuukuu mpaka bega linauma. Kila ndege, kila bawa. Kazi hiyo inakula kucha.

Na wifi ana kucha. Ndefu, zimechongwa, zimepakwa, anazitunza kuliko anavyotunza ndoa yake. Siku zote za kumfundisha, nikitoa msasa tu, yeye alikumbuka ana safari. Hakuwahi kukaa akaona kinachofuata. Alidhani ndege wanang'aa wenyewe.

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningeweza pia kumfungulia mlango akaenda zake. Neno "toka" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo nikaziangalia zile kucha.

"Mbona rahisi," nikasema. "Unapaka rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha?"

"Ile isiyo na rangi, inayoonekana kama maji. Si unaona zako zinavyometa?"

Alitazama vidole vyake, akamtazama ndege. Uso ukamchanua.

"Wifi! Siku zote hizo unanificha kitu kidogo hivi?"

"Roho mbaya tu," nikamjibu. Tukacheka wote wawili. Mama mkwe, ambaye kila siku huniona nikisugua kwa msasa, hakucheka.

Wenzangu mnaofanya kazi hii najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine nieleze. Rangi ya kucha na udongo huu haviivi. Siku ya kwanza utaona kitu kinameta kama kioo, utajisifu mwenyewe. Zikipita wiki kadhaa, ile rangi inaanza kuula udongo. Inalainika, inanata, na haikauki tena. Ukirudisha kwenye oveni, inanata. Ukiosha, inanata. Inabaki hivyo mpaka uitupe.

Nilijua hilo. Nataka lieleweke vizuri, maana wapo mtakaotaka kunitetea kwamba labda niliteleza ulimi. Sikuteleza. Nilijua, na usiku ule nililala usingizi mzuri ambao nilikuwa nimeusahau.

Mama Vioo alipoiona kazi mpya alipagawa. Akaandaa alasiri ya kuonyesha mapambo ya msimu, viti vimepangwa, juisi inazunguka, familia nzima tumealikwa. Ndege walikuwa dirishani, nyota na mikufu kando yao, vyote vinameta mpaka vinaumiza macho. Wifi akasimama mbele, mkono mmoja kiunoni.

"Kazi hii nilijifunza mwenyewe," akasema. "Sikufundishwa na mtu."

Bwana Yaishe akapiga makofi. Kisha akanigusa kwa kiwiko.

"Piga na wewe, watu wanaangalia."

Nikapiga. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Watu walidhani nimesamehe, na jirani mmoja akaninong'oneza kwamba nina moyo wa dhahabu. Mimi moyoni nilikuwa nasema: ng'aa, mwanangu, ng'aa.

Mpanda ngazi hushuka. Mimi sikutaka tu ashuke. Nilitaka ashuke mbele ya watu wale wale waliompigia makofi, Mama Vioo awe wa kwanza kumwona, na dirisha lile lije kwangu na jina langu chini yake. Hilo tu. Sijaomba makubwa.

Nikasubiri. Subira yavuta heri, wanasema, na mimi heri yangu niliijua inakuja kwa njia ipi.

Ilianzia nyumbani kwangu.

Wifi alikuwa amempa mama yake hereni za majani, zimepakwa ile ile dawa yangu. Asubuhi moja mama mkwe akanijia jikoni, mtandio umemning'inia sikio moja.

"Mwanangu, hizi hereni zina nini? Zinang'ang'ania nguo."

Nikazivua taratibu. Nyuzi za mtandio zilikuwa zimeganda juu ya jani. Nikaligusa kwa kidole, na alama ya kidole changu ikabaki pale pale. Roho yangu ikasuuzika, siwezi kuwadanganya.

"Ni ile rangi ya kucha?" akauliza mama mkwe.

"Rangi gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwa nimekaa pale, na masikio yangu bado yapo."

Nikaweka hereni mezani. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Mama, aliniibia."

"Najua alikuibia. Alikuibia wewe ukiwa na mimi kliniki, umeninunulia maji, umenibebea mkoba. Unadhani silijui hilo?"

"Sasa kama unajua, kwa nini hukusema?" Sauti ilinipanda, nikashindwa kuishusha. "Mwanao wa kiume anakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote. Neno lako moja tu lingetosha!"

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda.

"Sikusema kwa sababu ni mwanangu."

"Na mimi je?"

"Na wewe ni mwanangu. Ndiyo maana hata la rangi sikumwambia."

Nikaona aibu? Niliiona. Nikaimeza, nikaishushia na maji, nikarudi kwenye kazi yangu. Kama alitaka kuniokoa, angenisemea siku ile nilipolia. Alichelewa.

Haikupita wiki, Bwana Yaishe akanipigia simu akiwa kazini.

"Mama Vioo anatuita dukani. Wote. Anasema sasa hivi."

"Kuna nini?" nikajitia hamnazo.

"Sijui. Kuna watu wanarudisha vitu."

Nikavaa gauni langu la kutokea. Mtu haendi kwenye msiba wa adui yake na ndala.

Dirisha lilikuwa tupu. Ndege wote walikuwa wamemwagwa juu ya kaunta, na hali yao, jamani, sijui niieleze vipi. Walikuwa wameshikana wao kwa wao mgongo kwa kifua. Nyota zilikuwa zimejifunga karatasi za kufungia zawadi, ukivuta karatasi inachanika na nusu inabaki. Vumbi, nywele, nyuzi za sweta. Ndege mmoja alikuwa na nzi kifuani, nzi mzima, amekufa akijaribu kujinasua.

Wifi alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu. Asubuhi alikuwa amempitia mama yake kwetu, sasa amemshika mkono kama ngao. Wifi si mjinga. Anajua watu huona haya kumtukana mtu mbele ya mama yake.

Mama Vioo hakuona haya.

"Huyu mwanamke ameniaibisha! Wateja wangu wa miaka mingi wananirudishia uchafu mikononi! Haya, sema mbele ya ndugu zako. Umetengeneza nini hiki?"

Niliisubiri sentensi hiyo kwa hamu. Nikajisogeza mbele nisipitwe na neno. Wifi akainua uso, akanyoosha ule ukucha wake mrefu, akaniashiria mimi.

"Mimi nilileta tu. Mwenye kazi ni huyu."



"Mimi?"

"Si kazi yako? Ndege si wako? Nani asiyejua ndege ni wako?" Akamgeukia kaka yake. "Kaka, sema ukweli. Ndege ni wa nani?"

Bwana Yaishe alifuta jasho. Alinitazama, akamtazama dada yake, akatazama kaunta.

"Kwa kweli," akasema, "ndege ni kazi ya mke wangu. Yeye ndiye aliyewabuni, tangu mwanzo. Na dada alifundishwa na yeye."

Maneno hayo niliyalilia. Niliyaomba kwa magoti chumbani kwetu, akaninyima. Leo ananipa hadharani, siku ambayo siyataki hata kwa dawa!

"Si kazi zangu hizi!" nikapiga kelele. "Zangu hazinati!"

Mama Vioo akaninyamazisha kwa mkono. Akaingia ofisini kwake, akatoka na ndege mmoja. Nilimtambua kutoka mbali. Alikuwa wa lile boksi la viatu, mkavu, anang'aa vile vile.

"Huyu nilimweka kwangu," akasema. "Ni wa nani?"

"Wangu. Nilimsugua kwa msasa, nikamfikicha kwa jinzi. Mguse."

Akamgusa. Akamgusa na yule wa nzi. Akajifuta kidole kwenye karatasi, karatasi ikaganda.

"Hawa wawili hawajatoka mkono mmoja," akasema taratibu.

"Ndivyo nilivyokuja kukuambia, ukaniambia wivu ni ugonjwa."

Mama Vioo ni mwanamke mwenye kiburi, lakini alishusha macho. Kisha akafungua droo, akatoa ufunguo mdogo wa kioo cha dirisha.

"Nilikukosea," akasema. "Dirisha ni la..."

"Muulize!" Wifi alipiga ukelele. "Muulize nani aliniambia nipake rangi ya kucha!"

Mkono wa Mama Vioo ukarudi nyuma na ufunguo wake.

"Rangi ya kucha?"

"Yeye ndiye aliyeniambia! Kwa mdomo wake, sebuleni kwake! Alijua zitaharibika, alitaka niaibike!"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi alikuwa anasema ukweli mtupu.

Mama Vioo akanikazia macho. "Nisikilize vizuri. Mtu asiyejua kazi nitamwonea huruma. Lakini mtu anayejua, akaacha wateja wangu wauziwe takataka kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, huyo nitahakikisha hakuna duka mji huu linapokea hata kishaufu chake. Ulimwambia?"

Fikirini mngekuwa ninyi. Kazi yote niliyoifanya, bega langu, macho yangu, jina langu, vyote vilikuwa juu ya neno moja.

"Sikumwambia," nikasema.

"Mwongo!" Wifi akamvuta mama yake mbele. "Mama alikuwepo! Mama, waambie! Ulikuwa unashona kifungo. Waambie alivyosema!"

Wote tukamgeukia. Mama mkwe alisimama katikati yetu, mkono mmoja umeshikwa na binti yake. Alinitazama. Sikuweza kumrudishia macho, nikatazama viatu vyangu.

"Nilikuwepo," akasema.



"Rangi ya kucha aliambiwa. Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia."

Wifi alimwachia mkono kana kwamba umemuunguza.

"Mama?"

"Ni mimi. Niliona kucha zako zinang'aa, nikafikiri na udongo utang'aa vile vile. Ushauri wa kizee. Mke wa mwanangu alikuwa jikoni, wewe umechanganya tu kwa sababu ya machungu."

Mama Vioo alimtazama mama huyu ambaye vidole vyake havijawahi kuona rangi hata siku ya harusi yake. Sijui kama aliamini. Nadhani alichoka, alitaka tu mtu wa kubeba mzigo.

"Basi mzigo ni wako, mama," akasema. Akavuta kiti, akakiweka mlangoni. "Utakaa hapa. Kila anayerudisha kitu, wewe ndiye utakayemwomba radhi kwa mdomo wako. Mimi nimeshatukanwa vya kutosha."

"Nitakaa," akasema mama mkwe. Akaenda, akakaa, akaweka mikono mapajani.

Mume wangu akafuta jasho tena.

Mama Vioo akanisogelea, akanifumbatisha ule ufunguo mdogo.

"Dirisha ni lako. Nitaandika kikadi kipya leo hii. Anza kupanga."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mmoja mnene, amevaa kiofisi, mkufu umemning'inia kwenye vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Shingoni mwake ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu.

"Nani mwenye huu upuuzi?" akafoka. "Nimekwenda kwenye usaili wa kazi na kitu hiki shingoni, kimeniganda kwenye kola, nimekivua pamoja na ngozi yangu mbele ya wakubwa! Nani?"

Mama mkwe akainuka kwenye kiti, kwa shida, ameshika ukuta.

"Ni mimi, mwanangu. Nakuomba radhi."

"Wewe?" Yule mwanamke akampima juu mpaka chini. "Bibi kizee na akili zako zimekuishia, nani alikutuma uwaharibie watu maisha?"

Wifi alinitazama. Alijua, nami nilijua, na kila mmoja wetu alikuwa anamngoja mwenzake aseme. Yule mwanamke akauinua mkufu mpaka usawa wa uso wa mama mkwe, akaanza upya kutukana, safari hii kwa sauti ya kusikika barabarani. Mama mkwe aliinamisha kichwa akasema tena, "Nisamehe, mwanangu."

Nami ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kitasa cha dirisha.